Sitatuma Mbegu

Binamu, kama unasoma hii, jibu ni lile lile nililokupa kwa WhatsApp. Situmi.

Nafanya kazi ya bustani huku Uskoti. Kila Juni nikiweka picha ya popi ya Himalaya, ile ya buluu kama anga ya Nairobi Januari, inboksi inajaa. Nitumie mbegu. Nitalipa. Mwaka jana binamu yangu wa Kitengela alichoka kuningoja, akanunua pakiti mtandaoni kwa pesa ambayo ingemtosha stima ya mwezi mzima. Zikamea vizuri sana. Zikawa terere. Akazipika na ugali, tukacheka, lakini muuzaji bado amekalia doo zake.

Ni mwizi, sawa. Lakini mwizi huyo anaishi kwa tamaa yetu.

Hili ua kwao ni milimani, Himalaya na Tibet, mita 3,000 na zaidi, ambako kiangazi ni mawingu na mvua. Baridi ikija linanyauka hadi chini, linalala chini ya theluji. Huku linastawi kwa sababu kiangazi chetu ni aibu tupu, watu wanavaa sweta Julai. Na bado ni kazi: kivuli chepesi, udongo wenye asidi uliojaa mboji ya majani, unyevu kila siku lakini maji yasituame, la sivyo shina linaoza. Mbegu ziwe mbichi, unazinyunyiza juu bila kuzifukia. Mche ukitoa tumba mapema, kabla haujajijenga, unalikata, kwa maana ukichanua unaweza kufa. Siku ya kwanza kukata nilijihisi mchawi.

Kusini mwa Uingereza kuna matajiri wenye bustani kubwa na joto linawashinda. Wewe una balkoni, jua la saa nane, na maji ya kisima yenye chumvi. Eti ua lina madharau! Nani humwambia tilapia ana madharau akikataa kuishi kwa sufuria?

Huu ugonjwa ni wa kitambo. Mwaka 1913 afisa wa jeshi la Waingereza, Bailey, alilichuma Tibet, na jina la kisayansi likawa lake. Mwaka 1924 Frank Kingdon-Ward akabeba mbegu. Waganga wa Tibet walikuwa wakitumia maua ya jamii hiyo kama dawa zamani, lakini nani aliwauliza? Nilidhani sisi, wenye ziwa lililobandikwa jina la malkia wa watu, tungeelewa haraka.

Najua utasema mimi nalipwa kulilea ugenini. Ni kweli, na hilo linanisumbua. Lakini angalau hapa linaishi.

Desemba nakuja. Tupande Mlima Kenya tuone zile lobelia kubwa, nazo zina maua ya buluu, yamejificha katikati ya majani. Hung'oi kitu. Na beba sweta.