Baba Watoto na Injini ya Farasi Mia Saba

Mwezi huu nina barua ya dada mmoja anayeishi na familia yake huko Marekani. Anasema mumewe alinunua gari bovu la zamani, Dodge Dart la mwaka 1974, na kwa miaka miwili amekuwa akilitengeneza kila Jumamosi katika gereji ya nyumba waliyopanga. Kijana wao wa miaka 14 ndiye msaidizi wake. Mpaka hapo hapakuwa na ugomvi. Lakini sasa baba anataka kuagiza injini mpya ya farasi 700, na fedha anayoitolea macho ni akiba yao ya kununulia nyumba. "Nikikataa ananiambia sijui mambo ya magari," anaandika. "Je, ninyamaze?"

Dada yangu, usinyamaze. Lakini kabla ya kusema, ni vizuri ujue unachokisemea. Mwanamume akiona mkewe anafahamu jambo lenyewe, humsikiliza kwa namna nyingine.

Injini hizi ni nini?

Marekani viwanda vya magari huuza injini nzima, mpya, ikiwa imefungwa ndani ya kreti la mbao, kwa mtu anayetaka kuitia katika gari lake la zamani. Si jambo la uhuni wala la siri. Kampuni zenyewe huzitangaza. Mwaka 2017 Mopar, ambayo ni idara ya vipuri ya watengenezaji wa Dodge, ilitoa injini iitwayo Hellcrate. Ina lita 6.2 na farasi 707, pamoja na supachaja, yaani kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ilikusudiwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1976, na bei yake ilipotangazwa ilikuwa karibu dola 20,000. Mwaka 2018 ikafuata Hellephant ya farasi 1,000. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2019 ilimalizika kwa muda wa siku mbili hivi. Chevrolet nao mwaka 2021 walitangaza yao ya farasi 1,004, tena isiyo na supachaja. Kwa hiyo mumeo hajarukwa na akili. Wako wengi kama yeye.

Sasa tupime. Gari dogo la Toyota la injini ya sisi 1500, lile tulilozoea kuliona likibeba mboga na watoto wa shule, lina farasi wapatao 110. Dart la mwaka 1974 lenye injini yake ya kawaida ya V8 lilikuwa na farasi 150 hivi. Kila kitu ndani ya gari lile, kuanzia breki, difu, springi hadi mikanda ya viti, kilipangwa kwa nguvu hiyo. Ukiweka 707 umeongeza karibu mara tano. Ni kama kumtwika mtoto wa darasa la kwanza gunia la mahindi.

Bei ya injini si bei ya kazi

Hapa ndipo akiba za watu huyeyuka. Injini ikifika na kreti lake, kazi ndiyo kwanza inaanza. Giaboksi ya zamani haitahimili nguvu hiyo, itatakiwa nyingine. Vivyo hivyo propela shafti na difu. Rejeta ndogo haitaipoza. Pampu na mabomba ya mafuta yatabadilishwa, ekzosi itatengenezwa upya, na injini ya kisasa haiwaki bila kompyuta yake na nyaya zake. Ongeza breki, matairi, na ada ya fundi kwa yale ambayo baba hawezi kuyafanya mwenyewe. Mara nyingi jumla ya hayo yote hufikia bei ya injini au kuipita. Kisha injini ya supachaja hunywa petroli ya daraja la juu, ambayo ni ghali zaidi, na kampuni ya bima sharti ielezwe. Ukinyamaza, siku ya ajali unaweza kukuta gari lililolipiwa bima si lile lililogongwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo si "Kwa nini unapenda gari kuliko sisi?" Swali hilo litamfunga mdomo. Muulize hivi: "Baba, gari hili hadi litembee barabarani litagharimu kiasi gani jumla?" Mpe kalamu na karatasi, mketi wote wawili. Nimeona nyumba nyingi zikipona kwa karatasi moja ya hesabu kuliko kwa maneno ya usiku kucha.

Ninalolijua kama muuguzi

Mambo ya fedha yanaweza kurekebishwa mwaka ujao. Mwili ni habari nyingine, na gereji ni mahali panapoumiza watu. Nyumba yako ikiwa na gereji, angalia mambo haya.

1. Moshi. Injini inayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha huchanganyikiwa. Wengi hudhani ni mafua. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyoungana na nyumba, hata kama mlango mkubwa uko wazi. Gari lisukumwe nje kwanza. Nunueni kengele ya kugundua hewa hiyo na kuiweka karibu na vyumba vya kulala. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje wote, ndipo mpige simu ya dharura, ambayo kwa Marekani ni 911.

2. Uzito. Injini ya V8 huwa na uzito wa kilo 180 hadi zaidi ya 300. Asisimame mtu chini yake inaponing'inia kwenye winchi. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma, ziwe mbili au nne, juu ya sakafu ngumu. Kijana wa miaka 14 ndiye mwembamba, ndiye atakayetumwa aingie chini. Mama, hilo una haki ya kulikagua kwa macho yako.

3. Petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Katika nyumba nyingi za Marekani mtambo wa kuchemshia maji kwa gesi huwekwa gerejini humo humo. Muwe na kizima moto karibu na mlango. Akiungua mtu, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala asali.

4. Maji ya rejeta. Yale ya rangi ya kijani au ya chungwa ni matamu na ni sumu kali. Mtoto mdogo akiyanywa, figo zake zaweza kuharibika. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Akinywa mtoto, hata kama anaonekana mzima, wahi hospitali. Walio Marekani wapige bila malipo 1-800-222-1222, kituo cha ushauri wa sumu. Na kama tunavyoonya siku zote juu ya mafuta ya taa, aliyekunywa petroli asitapishwe, kwani itaingia kwenye mapafu.

Ushauri wangu

Dada, mume anayekaa Jumamosi nzima na kijana wa miaka 14 akimfundisha kufungua nati ni mume wa kushukuriwa. Huko ugenini, ambako wazazi hufanya zamu mbili na watoto hulelewa na televisheni, jambo hilo ni hazina. Usiliue. Lakini akiba ya nyumba ni jasho la watu wawili, na jasho la wawili haliamuliwi na mmoja.

Nashauri mkubaliane hivi. Akiba ya nyumba isiguswe, wala mkopo usichukuliwe. Gari lifunguliwe mfuko wake, kiasi mnachoweza kila mwezi, na kitu kinunuliwe fedha ikishatimia. Breki zitangulie, kisha mikanda na matairi, injini iwe ya mwisho. Na injini yenyewe si lazima iwe ya farasi 700. Ziko za kreti zenye nguvu nusu ya hiyo, za bei ya chini sana, na Dart bado litakuwa na nguvu mara mbili hivi ya ile ya injini yake ya kawaida ya V8. Mkumbushe pia kwamba baada ya miaka miwili kijana ataomba ufunguo. Je, yuko tayari kumkabidhi farasi 707? Mwendo ukizidi mara mbili, gari huhitaji karibu mara nne ya umbali ili lisimame kwa breki. Baba mwenyewe atajijibu.

Kwa ninyi mlio hapa nyumbani, msidhani habari hii ni ya Wamarekani tu. Injini zetu nyingi huja zikiwa zimetumika kutoka Japani, na vijana wetu pia hupenda kutia kubwa mahali pa ndogo. Hatari ni zile zile. Zaidi ya hayo, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Ikibadilishwa, mamlaka husika sharti zijulishwe, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, la sivyo siku ya kuuza gari au ya kukaguliwa mtaonekana wezi. Dai risiti ya injini, na uitunze pamoja na vyeti vya watoto.

Na wewe dada, Jumamosi ijayo wapelekee chai huko gerejini, uvute kiti ukae. Uliza kila kipande kinaitwaje. Utaona jeki imewekwaje, utajua kama kizima moto kipo, na utakapofika wakati wa kuongea habari ya fedha, hakuna atakayekuambia hujui mambo ya magari.

Tuandikie tena, utujulishe mlivyoamua.