Simu ya Safari: Namba Kwanza, Bando Mwisho



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila shule na vyuo vinapofunguliwa, swali moja huzunguka katika nyumba zetu hapa Base Camp: mtoto anakwenda Mbarara, tumnunulie simu gani, na bando la kampuni ipi? Huuliza pia mama anayeandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, na mfanyabiashara anayelala Kampala leo na kesho yuko Kabale. Swali ni zuri, lakini tunaona wengi wetu tunalianzia mwisho. Tunahangaika na simu, tunabishana juu ya bando, na namba tunaiokota njiani kwa muuzaji yeyote. Rai yetu ni kwamba mpangilio ugeuzwe: namba kwanza, simu baadaye, bando mwisho.

Kwa nini namba? Kwa sababu sisi ni watu wa safari hata tunapokuwa tumekaa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea nchini, na tunatembea: kwa masomo, kwa matibabu, kwa riziki. Nakivale wapo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, na ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na ndugu aliyebaki nyuma au aliyetangulia mbali. Ndugu huyo hana anwani ya nyumba yetu. Anwani yetu ni namba ya simu. Akiipiga na kupokewa na mtu mgeni, anahesabu kuwa tumepotea.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 2010 shirika la Refugees United, pamoja na UNHCR, Ericsson na MTN, lilianza hapa Uganda mpango wa kuwasaidia wakimbizi kutafuta jamaa zao kwa simu ya mkononi. Lakini mpango wowote wa kutafutana unataka kitu kimoja: anayetafutwa awe na namba isiyobadilika kila muhula.

1. Laini iwe kwa jina lako

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa nguvu. Kwa miaka mingi mkimbizi alipata taabu kusajili laini, hasa pale usajili ulipokazwa mwaka 2017 kwa kitambulisho cha taifa ambacho yeye hana. Watu wakaazima majina: ya jirani, ya mwenye duka, ya bosi wa kazi. Lakini mwezi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliruhusu mkimbizi asajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya utambulisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlango umefunguliwa. Hata hivyo, bado tunasikia watu wakiendelea na laini za majina ya wengine kwa kuwa "inafanya kazi tu".

Ni kweli inafanya kazi, mpaka siku ya matatizo. Simu ikiibiwa kwenye stendi ya Mbarara, anayeweza kurudishiwa namba ile ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili. Je, jirani huyo bado yupo Nakivale, au ameshahamishiwa nchi nyingine? Na fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu, kwa kampuni ni fedha za nani? Tufike pia pale tusipopenda kufika: mwenye simu akifariki, warithi watadai vipi mali iliyoandikwa kwa jina la mtu baki? Tunajua uzito wa mirathi na haki ya yatima katika dini yetu. Basi tusiiweke haki hiyo mahali ambapo hata kadhi au mwenyekiti wa kijiji hawezi kuithibitisha.

Na wewe unayemwazima mwenzako jina, fahamu kuwa umebeba dhamana. Laini ile ikitumika kutapeli watu, atakayeitwa polisi kwanza ni wewe. Kumsaidia mgeni ni jambo jema, na msaada bora ni kumsindikiza akasajili yake. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 18, laini yake iwe kwa jina la mzazi au mlezi, na mzazi aijue namba kwa kichwa.

2. Simu ivumilie njia

Baada ya namba ndipo tuje kwenye simu. Kwa msafiri, sifa ya kwanza ya simu ni betri, ya pili ni nafasi ya laini mbili, na kamera ije nyuma kabisa. Simu ndogo ya vitufe hukaa na chaji siku kadhaa, na kwa watu wanaochaji kwa sola dukani na kulipia kila mara, hiyo ni akiba. Isitoshe, huduma za fedha hazihitaji intaneti: *165# ya MTN na *185# ya Airtel hufanya kazi kwenye simu yoyote.

Wapo watakaosema kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kusoma bila simu kubwa. Hilo tunalikubali. Anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara anahitaji kusoma vitabu na matangazo ya walimu kwenye kioo. Lakini hata yeye anunuliwe simu ya kadiri, na abaki na kitochi cha akiba mfukoni. Kwa wanafunzi wa sekondari za bweni, shule nyingi haziruhusu simu kabisa. Hapo kinachotakiwa ni namba ya mlezi wa bweni iandikwe nyumbani, na namba ya nyumbani iandikwe ndani ya daftari la mtoto.

3. Chagua kampuni kwa kuangalia unaongea na nani

Tunasikia ubishi wa MTN na Airtel kama ubishi wa timu za mpira. Ushauri wetu ni kujiuliza maswali mawili. Kwanza: mtandao gani unashika vizuri unapolala wewe, si anapolala rafiki yako? Muulize jirani wa mtaa huo huo, kwa sababu Base Camp si Juru wala Rubondo. Pili: ndugu zako wako wapi? Airtel ipo Uganda, Kongo, Rwanda, Tanzania na Kenya. MTN ipo Uganda na Rwanda, lakini Kongo na Tanzania hutaikuta. Burundi hutaikuta hata moja kati ya hizo mbili.

Wazee watakumbuka kuwa mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, msafiri akavuka mpaka na laini yake bila gharama ya ziada. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilikubaliana kupunguza gharama za kupiga simu kati yao. Lakini msidanganyike: unafuu wa kupiga simu si unafuu wa intaneti. Wilaya yetu ya Isingiro inapakana na Tanzania, na karibu na mpaka simu yaweza kushika mtandao wa ng'ambo yenyewe bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio, zima data ya nje ya nchi, na uchague mtandao wako kwa mkono.

Ukivuka na kununua laini ya huko, usibadilishe namba ya WhatsApp. Akaunti ya zamani huendelea kufanya kazi kwa data ya laini mpya, na watu wataendelea kukupata palepale. Ukirudi, piga simu kwa laini ya nyumbani hata mara moja, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine.

4. Bando kwa kipimo

Tangu Julai 2021 serikali ya Uganda hutoza kodi ya asilimia 12 kwenye data, badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Kila data inayopotea, basi, imepotea pamoja na kodi yake. Anayesafiri na kutumia intaneti kidogo kidogo atazame vifurushi visivyokwisha muda, kama Freedom ya MTN na Chillax ya Airtel. Bando la siku ni rahisi kwa bei, lakini likikwisha usiku wa manane na nusu yake haijaguswa, limekuwa ghali. Zima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe. Darsa, qiraa na nyakati za swala vipakuliwe kabla ya safari, mara moja, visikilizwe njiani bila gharama.

Wala familia isitegemee intaneti peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa na salio la kawaida waliweza kupiga simu. Waliokuwa na bando tupu walibaki kuutazama mtandao usiorudi. Basi salio dogo la kupiga na kutuma ujumbe mfupi libaki daima, liwe kama maji ya akiba ndani ya mtungi.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda dukani kutazama simu mpya, kaeni kama familia na muulizane: kila laini iliyomo nyumbani imesajiliwa kwa jina la nani? Ile isiyo ya kwenu, anzeni nayo. Na namba tatu muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu huzima, na karatasi haihitaji chaji.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na awakutanishe waliotengana. Aamiin. Wabillahi tawfiq.