MKANDA WA MSASA SI DENI LA FUNDI



Katika karakana moja ya visu hapa Ruiru, ambayo hatutaitaja jina, umezuka mtindo wa kumkata fundi mshahara kwa kila mkanda wa msasa unaokwisha. Tajiri asema fundi akiulipia mkanda atautunza. Sisi twasema hilo ni kosa, na hasara yake humrudia tajiri mwenyewe.

Asimamaye mbele ya mashine ajua. Mkanda mpya hukata, mkanda uliochakaa husugua tu. Punje zikiisha makali, fundi hukandamiza kisu kwa nguvu ili kazi iende, na hapo joto hupanda. Ukiona ukingo wa kisu umegeuka buluu, pua imekwisha kulegea. Kisu hicho kikifika kwa muuza nyama hakitakaa na makali. Tena mkanda uliochoka hukatika penye maungio na kumchapa mtu mkono au uso. Haya yote kwa sababu fundi aogopa kuomba mwingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali ya tajiri iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Mkanda kuisha kazini ni kusudi gani? Mbona makaa ya tanuru hatulipishwi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka tajiri pia atoe miwani ya kukinga macho panapohitajika.

Lakini tuseme kweli juu yetu pia, maana hata sisi hununua ovyo. Mtu huenda Nairobi akarudi na mikanda ya mashine ya mkono ya maseremala, milimita 75 kwa 533, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta dukani. Mashine yetu yataka inchi 2 kwa 72. Basi huikata na kuiunga kwa gundi ya viatu, na gundi hiyo haistahimili joto. Mikanda huungwa kiwandani kutoka katika marobota ya kitambaa, nayo yaweza kuagizwa kwa kipimo chochote. Zungusha uzi kwenye magurudumu yote, mkono wa kukaza ukiwa katikati ya mwendo wake, upime uzi, uandike.

Uliza mgongo wa kitambaa, si wa karatasi. Kwa kazi ya kwanza juu ya springi ya gari, twapendelea kitambaa kigumu, namba 36 au 60, chenye punje za zirkonia au za seramiki. Punje hizo humeguka na kutoa makali mapya, lakini zataka mkono mzito. Kutoka 120 mpaka 400, punje za kawaida za oksidi ya alumini zatosha, na kitambaa kiwe laini kipate kufuata umbo la kisu. Kama mgongoni pana mshale, ufuate; ukipuuzwa maungio hufumuka. Wala mkanda namba 36 uliokwisha haugeuki kuwa 120, ingawa wako wanaoamini hivyo.

Mikanda itundikwe juu ya kigingi kinene, si msumari, wala isiachwe sakafuni katika unyevu wa Julai. Na kabla ya kusugua mpini wa mti, ondoa vumbi la chuma na uzime cheche zote, maana vumbi la mbao hushika moto upesi.

Wazee walisugua mbao kwa jani la mti wa msasa, wakalichuma bure. Mkanda huu haumei kando ya mto Ruiru; hununuliwa, na anayeuza visu ndiye wa kuununua. Twamtaka tajiri anunue kwa dazeni, aweke ghalani, na fundi apewe mpya akirudisha uliokwisha. Akitaka hesabu, hiyo ndiyo hesabu.

Wenzetu wa karakana hiyo, msiitupe mikanda mibovu. Ileteni mkutanoni pamoja na vyeti vyenu vya mshahara, tuvione kabla ya kwenda kuzungumza naye.