Barua kwa Wapenzi wa Ingwe: Viwanja Vitupu na Lawama Zake



AFC Leopards, yaani Ingwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 1998, na kila ubishi kuhusu viwanja vitupu huanzia hapo. Upande mmoja husema timu haishindi, ndiyo maana watu wamekimbia. Upande wa pili hugeuza maneno: watu wamekimbia, langoni haiingii pesa, mishahara inachelewa, wachezaji wazuri wanahama, ndiyo maana timu haishindi. Wazee huwalaumu vijana kwa kuvaa jezi za Arsenal na Manchester United, nao vijana huwalaumu wazee kwa kuendesha klabu kama chama cha mazishi. Maneno haya husikika Jogoo Road na Mumias, na husikika vilevile ughaibuni, tena huko ni makali zaidi, kwa kuwa hakuna kipenga cha kuanza mechi cha kuwanyamazisha wabishi.

Hoja zote zina chembe ya ukweli. Ila historia ya klabu yenyewe inaonyesha kwamba umati wa Ingwe haukuletwa na vikombe. Klabu iliundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, kwa kuunganisha timu ndogo ndogo za watu wa Marama, Samia, Bunyore na sehemu nyingine za Magharibi waliokuwa wakifanya kazi Nairobi. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1966; mashabiki walikuwa tayari wamejipanga. Kibarua wa reli aliyepanga chumba Makongeni, Kaloleni au Shauri Moyo alikuwa na uwanja karibu naye, ule wa Jogoo Road ambao baadaye uliitwa City Stadium. Wikendi alikwenda kwa miguu. Pale alikutana na watu wa kwao, akajua nani kafiwa, wapi panaandikwa watu kazi, na nani anasafiri kwenda nyumbani mwisho wa mwezi ili ampe barua na kifurushi cha sukari. Mpira ndio uliomtoa nyumbani, lakini hakurudi na habari za mpira peke yake.

Serikali ilipoagiza mwaka 1980 klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na mashabiki wakabaki palepale. Ndipo neema ilipofunguka: ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 1980 hadi 1982, kisha kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Langoni alisimama Mahmoud Abbas. Mbele kulikuwa na Wilberforce Mulamba. Katika kizazi hicho alikuwamo pia Noah Wanyama, baba wa McDonald Mariga na Victor Wanyama. Wanaosimulia enzi hizo wana haki ya kujivuna, ingawa husahau jambo moja: jioni ya Jumapili hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja cha televisheni, cha serikali, hadi KTN ilipoanza mwaka 1990.

Hoja ya vikombe inaanguka zaidi ukiwatazama watani. Gor Mahia walichukua ligi 1995, wakakaa bila ubingwa hadi 2013. Kwa hesabu ya wabishi, mashabiki wa K'Ogalo walipaswa kutoweka. Badala yake, miaka ya mwisho ya ukame huo ndiyo iliyojaza uwanja wa Nyayo upya. Ingwe nayo ilikuwa imeshuka daraja, ikarejea ligi kuu mwaka 2009, na ilirejea na watu wake. Mechi za Mashemeji, yaani Ingwe na Gor, za miaka iliyofuata zilijaa pomoni, timu zote mbili zikiwa hazina taji la ligi la karibuni. Umati huo ulikuwa na upande wake wa giza: Oktoba 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano Nyayo siku ya mechi hiyohiyo, kwenye uwanja ambao milango yake ilipaswa kutosha watu 30,000. Kila vurugu iliyofuata, ya mawe au ya viti kung'olewa, iliwaondoa akina mama na watoto kwanza. Wanaume walirudi baada ya wiki mbili. Familia nyingi hazikurudi.

Kilichovunja umati baada ya hapo ni jambo ambalo mashabiki hulitaja kwa kupita tu, kana kwamba ni hali ya hewa: timu ilikosa makao. Mwaka 2017 Nyayo ilifungwa ili ikarabatiwe kwa ajili ya CHAN ya 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Septemba mwaka huohuo Kenya ilinyang'anywa uenyeji kwa kuchelewa kujiandaa, mashindano yakapelekwa Morocco, na Nyayo ikabaki imefungwa kwa miaka. Ilipofunguliwa mwaka 2020, nchi ilikuwa katikati ya Korona na mashabiki hawakuruhusiwa. Kisha ikaja CHAN nyingine, na ukarabati mwingine. Juni 2024 hata Harambee Stars, timu ya taifa, walicheza mechi zao za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi. Katika miaka hiyo Ingwe ilihamahama: wiki hii Machakos, wiki ijayo Kasarani, baadaye Thika, mara Bukhungu kule Kakamega.

Kwa anayehesabu nauli, kuhama huko ni jambo zito kuliko kipigo cha mabao matatu. Mtu wa Jericho aliyekuwa akitembea hadi City Stadium sasa alitakiwa kupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi Machakos, kilomita zipatazo 60, na kurudi usiku. Nauli ilizidi bei ya tiketi maradufu au zaidi. Ratiba nayo hubadilishwa siku chache kabla ya mechi, kwa hiyo hata aliyejipanga huambulia taarifa kwenye simu kwamba mechi imesogezwa hadi Jumatano saa tisa alasiri. Viwanja vingi havina taa, hivyo saa tisa haiepukiki. Jumatano saa tisa, mwashi yuko juu ya jukwaa la mbao, mwalimu yuko darasani na muuza nguo yuko Gikomba.

Mechi ya namna hiyo ina sura yake. Jukwaa la saruji lina watu waliokaa makundi makundi, kila kundi likifuata kivuli kinavyosogea. Wapiga isukuti ni wanne pale walipokuwa arobaini, na mlio wa ngoma unafika hadi upande wa pili bila kuzimwa na kelele yoyote. Kocha akifoka, maneno yake yanasikika neno kwa neno, na shabiki mmoja aliye safu ya tatu humjibu. Muuza mayai ya kuchemsha huzunguka mara mbili, huona hakuna biashara, hukaa naye kutazama. Wachezaji wanajua sauti za mashabiki wao kwa majina. Siku hiyo pesa za langoni hulipa refa, ambulensi, walinzi na kodi ya uwanja. Zikibaki, hazifiki mbali.

Hapo ndipo pesa zinapoingia kwenye ubishi, na zinaingia kwa mlango wa nyuma. Klabu ambayo langoni hapaaminiki hutegemea mfadhili, na wafadhili wa soka la Kenya wameondoka kwa zamu. SuperSport iliacha kuonyesha ligi mwaka 2017, baada ya mzozo wa kuongeza timu hadi 18. SportPesa, iliyokuwa ikizilisha Ingwe na Gor kwa pamoja, ilisitisha udhamini mwaka 2019 iliponyimwa leseni. BetKing ilijiondoa kwenye ligi mwaka 2021. Halafu FIFA ikaifungia Kenya yote kuanzia Februari hadi Novemba 2022 kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho. Ingwe yenyewe ilifungiwa kusajili wachezaji kwa madeni ya kocha na wachezaji wa kigeni walioondoka bila kulipwa. Kwa hiyo wanaosema pesa hakuna wanasema kweli. Wanachokosea ni mpangilio: shabiki alianza kupotea pale alipokosa kujua timu yake itacheza wapi na lini, wakati mfadhili bado yupo.

Lawama dhidi ya Ligi Kuu ya Uingereza inastahili kupimwa vizuri zaidi kuliko inavyopimwa. Mechi za saa tisa Uingereza huonekana Kenya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea majira, na kibanda cha kuonyesha mpira kiko mtaani, kina kiti, kina soda, na bei yake ni ndogo. Zaidi ya yote, kibanda hakihami. Mechi ikitangazwa Jumamosi inachezwa Jumamosi. Mtu anaweza kuitazama Arsenal kwa miaka ishirini akiwa na uhakika huo, na Arsenal ilikaa miaka mingi bila ubingwa wa ligi bila kupoteza mashabiki wake wa Eastlands. Hili peke yake lingetosha kuwafumba midomo wanaodai kwamba kijana hufuata washindi tu.

Agosti 2025 ilitoa ushahidi mwingine. Katika CHAN iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, Harambee Stars, kikosi cha wachezaji wa ligi ya ndani peke yao, waliifunga DR Congo, wakaifunga Morocco, wakaifunga Zambia, kisha wakatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Kasarani ilifurika hadi CAF ikapunguza idadi ya tiketi kwa sababu ya watu kuvamia milango. Wachezaji wale ni walewale ambao hucheza mbele ya majukwaa matupu. Tofauti ilikuwa kwamba tarehe ilijulikana mapema, uwanja ulijulikana, na mechi zilichezwa wakati watu wametoka kazini.

Ng'ambo ya mpaka, Simba na Yanga za Tanzania hutajwa sana kama mfano, na Wakenya huutaja kwa wivu usiofichika. Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hujaa, Simba Day hufanyika kila mwaka, kwa kawaida Agosti, Yanga nao wana wiki yao, na mtoto wa Temeke anajua miezi kabla. Mfano huo una kasoro: timu nyingine nyingi za Tanzania hupata watu pale tu Simba au Yanga zinapowatembelea. Hata hivyo, desturi ya tarehe inayojulikana mapema imejengwa, na haikujengwa kwa siku moja.

Wapenzi wa Ingwe wanaoishi Uingereza wameona mfano mwingine kwa karibu zaidi. Sunderland ilishuka mara mbili mfululizo na kuanza msimu wa 2018 ikiwa daraja la tatu. Siku moja baada ya Krismasi mwaka huo, watu zaidi ya 46,000 walikwenda kuitazama ikicheza na Bradford City. Hawakwenda kwa ajili ya kombe. Uwanja ulikuwa uleule, na wengi wao walikuwa na tiketi za msimu zilizolipiwa kabla msimu haujaanza. Walioko Ujerumani wana habari za Union Berlin, ambako mashabiki zaidi ya 2,000 waliukarabati uwanja wao kwa mikono yao mwaka 2008 na 2009, klabu ikiwa bado madaraja ya chini. Kwa Mkenya hiyo ni harambee tu, isipokuwa kwamba iliisha kwa uwanja badala ya kuisha kwa mkutano wa kuunda kamati.

Ughaibuni nako hakukosi lawama. Mchango wa mashabiki wa mbali kwa kawaida huja kwa mshtuko: deni la kocha limefika FIFA, wachezaji wamegoma, basi linahitaji tairi, na simu za M-Pesa zinaita kwa siku tatu. Kisha kimya hadi janga lijalo. Mchango wa namna hiyo humzoeza kiongozi kusubiri janga. Pia huwapa watoaji sauti kubwa kuliko ya mtu wa Kaloleni aliyekaa kwenye jukwaa la saruji Jumatano zote za msimu, jambo ambalo si haki hata kidogo. Pesa ileile, ikilipwa kama ada ya uanachama kila mwaka kabla msimu kuanza, ingeipa klabu kiasi inachoweza kukipangia. Sehemu yake ingenunua tiketi za msimu kwa wanafunzi wa shule zilizo jirani na uwanja, kwa kuwa mtoto aliyezoea kwenda akiwa na miaka kumi haambiwi aende akiwa na thelathini.

Kurudisha umati kunahitaji mambo ambayo klabu inaweza kuyafanya bila mfadhili yeyote. La kwanza ni kuchagua uwanja mmoja wa Nairobi na kushikamana nao, hata ukiwa mdogo. Majukwaa ya watu 5,000 yenye watu 3,000 yana joto kuliko Kasarani yenye watu haohao. La pili ni mechi chache za Bukhungu, zenye tarehe zilizotangazwa kabla ya msimu, ili Kakamega ijipange, na shirikisho liambiwe wazi kwamba tarehe hizo haziguswi. La tatu ni hesabu ya langoni. Baada ya kila mechi ya nyumbani, kabla ya Jumatatu jioni, klabu itangaze tiketi zilizouzwa, pesa zilizopatikana, gharama zilizolipwa na watu walioingia bure kwa kujuana na mlinzi. Mstari huo wa mwisho ndio utakaosomwa na wengi, na ndio utakaopingwa kwa nguvu zaidi.