Mizani Haina Chama



Katika nchi yetu imezuka desturi ya kumpima mtu uzalendo wake kwa namna anavyozungumza juu ya bei, kodi na mikataba. Akisema uchumi unakua, huyo ni mzalendo. Akiuliza unakua kwa faida ya nani, huyo ni kibaraka wa mabeberu. Ng'ambo ya pili ya barabara hali si njema zaidi: huko anayekiri kwamba serikali imefanya jambo moja jema ameshahongwa, na anayetabiri maangamizi ndiye shujaa. Pande zote mbili huapa kwa jina la Tanzania. Sisi tuliopewa kazi ya haki na amani hatuna budi kuuliza: katika makelele hayo, nani anamsemea mkulima aliyeketi juu ya gunia lake akingoja kulipwa?

Upendo wa nchi ni fadhila. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unawataka raia waipende nchi yao kwa moyo mkuu na kwa uaminifu, lakini pasipo ufinyu wa mawazo. Hati hiyo hiyo inavikumbusha vyama vya siasa kwamba haviruhusiwi kamwe kutanguliza faida yao mbele ya manufaa ya wote. Basi ushabiki wa chama unapovaa vazi la uzalendo, fadhila imegeuzwa kuwa kinyago. Mali ya taifa haipimwi kwa nyimbo za mkutano wa hadhara. Hupimwa kwa mizani, na mizani haina chama.

Korosho za mwaka 2018

Tutazame mfano ulio wazi. Katika msimu wa 2017/2018 nchi yetu ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, mavuno ambayo yalikuwa hayajapata kuonekana, na bei za juu mnadani zilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Mwezi Juni 2018 Bunge likabadili sheria ili ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie Hazina, wakati hapo awali asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuliendeleza zao lenyewe, pamoja na kugharimia pembejeo kama salfa. Wabunge wa kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa pamoja. Hawakusikilizwa.

Ilipofika Oktoba 2018 soko likaanguka. Wakulima wa Mtwara na Lindi wakakataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba Jeshi la Wananchi litazisomba.

Tuseme haki. Serikali inayosimama kati ya mnyonge na mnunuzi mwenye nguvu haitendi dhambi. Inatimiza wajibu wake. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu Papa Leo XIII mwaka 1891, hayakubali kwamba soko liachwe limle mdogo. Mkulima aliyefurahi siku ile alikuwa na sababu ya kufurahi.

Lakini je, ni nani aliyeuliza maswali ya siku ya pili? Nani atazinunua korosho hizo kwetu, ikiwa wanunuzi wa India na Vietnam ndio hao hao tuliowafukuza? Maghala yatatosha? Fedha za kuwalipa wakulima zitatoka wapi, na lini? Aliyekopa salfa dukani atamwambia nini mwenye duka? Maswali haya hayahitaji shahada. Mama anayeuza maandazi hujiuliza ya namna hiyo kila alfajiri kabla ya kukanda unga. Lakini mashabiki wa serikali waliyaita usaliti, na wapinzani wengi, badala ya kuyauliza kwa utulivu, walishika kejeli, kana kwamba hasara ya mkulima ingekuwa kura kwao.

Majibu yalikuja yenyewe. Malipo yalitanguliwa na uhakiki uliokusudiwa kuwanasa wafanya biashara ya kangomba, walanguzi wanaomnyonya mkulima nje ya mfumo rasmi. Nia ilikuwa njema, lakini uhakiki uliwachelewesha pia wenye mashamba halali, na wapo waliongoja miezi mingi ndani ya mwaka 2019. Mwezi Januari 2019 ulitiwa saini mbele ya viongozi, kwa shangwe, mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000. Magazeti ya Kenya yakahoji mara moja uwezo wa kampuni hiyo ambayo wachache waliijua. Mwezi Mei 2019 mkataba ukavunjwa. Msimu uliofuata minada ikarejea, na bei zikawa chini ya zile shilingi 3,300. Makofi yalikuwa yamekwisha kitambo. Madeni ya wakulima yalikuwa bado.

Manabii wa Ahabu

Maandiko Matakatifu yanatusimulia juu ya Ahabu, mfalme wa Israeli, aliyetaka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Manabii wapatao mia nne walimwambia apande, atashinda. Alikuwapo mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alimchukia kwa sababu hakumtabiria mema. Mikaya akasema kweli, akatiwa gerezani na kulishwa chakula cha taabu. Ahabu akaenda vitani, asirudi akiwa hai. Wale mia nne walimpenda mfalme kwa midomo; Mikaya ndiye pekee ambaye neno lake lingaliokoa uhai wake.

Mwezi Septemba 2018, miezi miwili kabla ya tangazo la korosho, Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kulifanya kuwa kosa la jinai kutoa takwimu zenye kupinga au kutilia shaka zile za serikali. Kwa maneno mengine, Mikaya aliandaliwa gereza kabla hajafumbua kinywa. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani, na mwezi Juni 2019 Bunge likakiondoa kifungo hicho. Tutafakari jambo hilo, sisi tunaojivunia kujitegemea. Sheria iliyotungwa kwa jina la heshima ya taifa iliwabeza wenye nchi walipolalamika, ikasikia neno la mkopeshaji. Ni fahari gani hiyo inayomnyamazisha mwana na kumnyenyekea mdai?

Tena takwimu zenyewe si adui wa mtu. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa wastani wa pato la kila mtu mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080 za Marekani. Hilo ni kweli, na si haya kulifurahia. Utafiti wa serikali yenyewe wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/2018 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Hilo nalo ni kweli. Lakini katika kampeni za mwaka huo chama tawala kiliimba ile ya kwanza na wapinzani wake wakaimba ile ya pili. Anayeipenda nchi huzisoma zote mbili kwa pamoja, kisha huuliza: wastani umepanda, mbona mmoja katika kila wanne hakupanda nao?

Jezi zinazobadilishwa

Ushabiki hujulikana kwa alama moja: kauli hugeuka, jezi hubaki. Mwezi Agosti 2007 mbunge wa upinzani aliyehoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi alisimamishwa na Bunge, na wabunge wa chama tawala wakashangilia. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, serikali ya chama hicho hicho ilizuia makinikia yasisafirishwe nje na kuwadai wenye migodi kodi ya dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato la taifa zima kwa mwaka. Wabunge wa chama tawala wakashangilia tena. Hapo sasa wapo wapinzani ambao kwa miaka mingi walilia juu ya wizi wa madini, lakini walipoona aliyeushika mpini si wao, wakaanza kuwasikitikia wawekezaji.

Mwisho wake tunaujua. Makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020 yalikuwa ya dola milioni 300, pamoja na hisa asilimia 16 za serikali. Hisa hizo si kitu cha kudharau. Kabla yake tulikuwa na kidogo mno. Lakini kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna bonde, na raia aliyetangaziwa ukingo wa kwanza kwa ngoma alistahili kuelezwa kwa hesabu jinsi tulivyofika ukingo wa pili. Hakuelezwa ipasavyo. Aliyeuliza aliambiwa haipendi nchi, na aliyecheka hakujali kwamba anaichekea hasara yake mwenyewe.

Mwaka 2023 upepo ukageuka. Mwezi Juni Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai juu ya bandari. Wengi wa wale waliomwita mwekezaji wa kigeni beberu mwaka 2017 sasa walimwita mkombozi, na mwenye shaka wakamwita adui wa maendeleo. Mwezi Agosti 2023 baadhi ya waliopinga hadharani walikamatwa, likatajwa hata neno uhaini. Upande wa pili, wapo walioona kwamba kuchambua vifungu vya mkataba ni kazi ngumu, wakachagua njia nyepesi: wakamsema Rais kwa Uzanzibari wake na kwa dini yake.

Hapa nawasemesha Wakatoliki wenzangu bila kuficha. Maaskofu wetu walitoa tamko mwezi huo wa Agosti, likasomwa makanisani, wakidai kwamba sauti ya wananchi isikilizwe. Tamko hilo lilikuwa na hoja. Anayelishika kwa ajili ya hoja zake ametenda vema. Anayelishika kama fimbo ya kumpigia jirani Mwislamu amelinajisi. Ndugu Mwislamu akituonyesha kosa katika hesabu zetu, tumsikilize. Mkristo akisaini mkataba mbovu, tumkemee. Na kama bandari inahudumia meli kwa haraka zaidi kuliko zamani, tuseme hivyo kwa sauti; kama mwananchi bado hajaonyeshwa alichosainiwa, tuseme hivyo kwa sauti ile ile.

Je, si tutawafaidisha maadui?

Wapo watu wema wanaosema: nchi changa yahitaji umoja, ya nyumbani yasitoke nje. Hoja hii inastahili jibu. Mnunuzi wa korosho aliye ughaibuni anajua akiba iliyo ghalani kwetu. Kuijua ndiyo kazi yake. Mwenye mgodi anajua amechimba nini. Wakopeshaji wanajua deni letu hadi senti ya mwisho. Katika nyumba hii yenye siri, mtu pekee asiyejua ni mwenye nyumba. Usiri haumfichi mwananchi kwa adui. Unamficha mwananchi mali yake.

Wala kusema kweli si mila ya kigeni. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika na kuchapisha tathmini yake, akieleza mbele ya taifa na dunia yaliyofaulu na yaliyoshindikana, na kukiri kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Hakuna aliyethubutu kumwita msaliti. Waliomfuata wamerithi picha yake ukutani. Urithi huu mwingine wameuacha uote vumbi.

Tuanzie tulipo

Haitoshi kuwalaumu wakubwa. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa siku zake waliopunguza kipimo, wakaongeza bei na kuitia hila mizani ili wamnunue maskini. Hila hiyo haianzii Dodoma. Inaanzia kwenye lumbesa, kwenye mizani ya chama cha msingi, kwenye mkutano wa kijiji ambapo mapato na matumizi husomwa upesi upesi ili watu wasielewe. Muumini anayenyamaza kwa sababu mwenyekiti ni wa chama chake ameshamsaliti jirani, hata kama anaimba wimbo wa taifa kwa machozi.

Basi kila tutakapoletewa habari njema au mbaya za uchumi, tuziulize maswali yale yale, awe anayezileta ni waziri au mpinzani wake: ni kiasi gani, kimetoka wapi, kimemfikia nani, na nani amehakiki? Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo hana haki ya kutufundisha uzalendo. Nchi si mali ya walioshinda uchaguzi, wala si tuzo inayowangoja walioshindwa. Ni shamba la wote, na mwenye shamba huhesabu magunia yake.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogondogo

1. Je, tumewahi kulitetea au kulipinga jambo la uchumi kwa sababu tu ya chama au dini ya aliyelisema?

2. Katika kijiji au mtaa wetu, ni lini taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa tukaielewa? Nani wetu atakwenda kuiomba?

3. Jumuiya yetu ifanye nini ili anayesema kweli juu ya mali ya umma asiachwe peke yake kama Mikaya?