Wimbo ukikatika, programu itaje sababu
Na Zuhura Mbwana

Programu ya muziki ikinyamaza katikati ya wimbo, msikilizaji wa kwetu huwa na mshukiwa mmoja tu: bando. Ataangalia salio, atazima data na kuiwasha, na mwisho atanunua bando jingine. Hilo likishindikana, vijiweni ataambiwa kile kile atakachokisoma kwenye kurasa za msaada za kampuni: futa programu, isakinishe upya. Ushauri huo ungefaa uwe wa mwisho, lakini umekuwa wa kwanza kwa sababu programu yenyewe haisemi kilichoisibu. Naamini kampuni za muziki zinaweza kumtajia mteja sababu, na zinawajibika kufanya hivyo, kwa kuwa hapa kila anayekisia vibaya analipa kwa fedha yake.

Dalili ni moja, lakini vyanzo ni vingi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyozimwa kioo na kuachwa imetulia huzibania programu ili kuokoa chaji, na watengenezaji wengi wameongeza vidhibiti vyao vilivyo vikali zaidi, vinavyoweza kuizima kabisa programu inayocheza muziki mfukoni. Ukaguzi wake ni rahisi: muziki ukikatika kila kioo kinapozimika lakini ukaendelea vizuri kikiwa kinawaka, bando halina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi. Iwapo nyimbo ulizopakua zinacheza bila shida na zile za mtandaoni ndizo zinazokwama, hapo tazama mtandao, na tazama pia ubora wa sauti uliouchagua. Kwenye Spotify, ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 144 kwa saa, ule wa kawaida wa kilobiti 96 hula kama MB 43, na wa chini kabisa, kilobiti 24, hauzidi MB 11. Mtandao dhaifu unaoushindwa ubora wa juu unaweza kuumudu wa chini bila kukwama hata mara moja, na kuubadilisha ni bure.

Wakati mwingine hata nyimbo zilizopakuliwa hugoma. Huenda nafasi ya simu imejaa. Huenda pia muda umepita: Spotify humtaka mteja wa toleo la kulipia aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo alizohifadhi huondolewa. Mtu wa namna hii akifuata ushauri wa kufuta na kusakinisha upya, anapoteza hata zilizobaki, kisha anatumia bando kuzipakua zote tena. Tiba imemgharimu kuliko ugonjwa.

Wapo watakaosema kwamba msikilizaji wa kawaida hataki maelezo ya kifundi, anataka muziki. Mbona anayaelewa ya M-Pesa? Tangu huduma hiyo ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu, wakiwamo wasiokanyaga darasa la kompyuta, wamezoea kuambiwa kwa sentensi moja kwamba muamala umekwama kwa sababu salio halitoshi au namba ya siri si sahihi. Sentensi fupi ya Kiswahili inayosema simu imeizima programu, ikiwa na kitufe cha kumpeleka mtu kwenye mipangilio ya betri, si mzigo kwa yeyote.

Hoja nzito zaidi ni kwamba programu iliyozimwa haiwezi kujua nani ameizima. Lakini Android huiruhusu programu iulize kama imewekewa kizuizi cha betri, na tangu toleo la 11 la mwaka 2020, ikifunguliwa upya inaweza kuuliza pia mara ya mwisho ilifungwa kwa sababu gani. Majibu hayatakuwa kamili kila mara, maana vidhibiti vya watengenezaji haviripoti kwa namna moja, na mtandao una matatizo yasiyoonekana kutoka kwenye simu: nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, hakuna mpangilio wowote ambao ungemsaidia msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Hata hivyo, kumwambia kwamba simu yake ni nzima na kinacholegalega ni mtandao kungemwepusha kununua bando la pili siku hiyo.

Boomplay ndiyo ninayoitarajia itangulie. Ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno, na Transsion, inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, ni mbia katika kampuni inayoiendesha. Wenye mkono katika simu na katika programu inayocheza ndani yake hawahitaji kumwomba mtu wa nje ruhusa ya kuvifanya viwili hivyo visemezane.