Kosa la Kumwacha Punda wa Dobi

Wako walimu wa fasihi, baina ya Ruiru na Thika kama kwingineko bara, wanaoshikilia kwamba Swahili Tales ya Edward Steere haina tena nafasi darasani. Hoja zao ni mbili: mhariri alikuwa mmisionari wa enzi ya Malkia Viktoria, na Kiunguja chake cha kale kinamlemea mwanafunzi asiye wa pwani. Muhtasari, wanadai, unatosha.

Hoja ya kwanza ina uzito. Kitabu kilipotoka London mwaka 1870, anwani yake iliwaita wasimulizi wenyeji wa Zanzibar, basi. Jina lililong'aa ni la Steere. Lakini Steere huyo huyo alichapa Kiswahili sambamba na tafsiri yake ya Kiingereza, akampa msomaji silaha ya kumsahihisha. George W. Bateman, katika Zanzibar Tales (Chicago, 1901), na Andrew Lang, katika The Lilac Fairy Book (1910), walitoa Kiingereza kitupu. Anayemkataa Steere kwa ukoloni wake kisha akaridhika na usimulizi uliopitia mikono kama hiyo, amekimbia mvua akaingia mtoni.

Hoja ya pili ni uvivu uliovikwa joho la ualimu. Tuchukue "Kisa cha Punda wa Dobi". Mti anaoukwea Kima, ambao matawi yake nusu yameelekea baharini, ni mkuyu. Mtoto wa Ruiru asemaye Kikuyu anauita mũkũyũ, na anajua heshima yake kabla hajaiona bahari. Ugeni uko wapi?

Kisa chenyewe ni hadithi ndani ya hadithi. Papa anataka moyo wa Kima kuwa dawa ya sultani wake. Kima anadai ameuacha mtini, anarudishwa, anakwea, anagoma kushuka. Toleo lolote linaloishia hapo limebakiza mzaha wa watoto. Kwani Papa bado anamwita, na Kima anamjibu kwa kumsimulia habari za punda wa dobi: Sungura alimpeleka kwa Simba, akaponea chupuchupu, kisha akashawishika kurudi, akauawa. Punda huyo, asema Sungura, hakuwa na moyo wala masikio. Usimulizi hapa ndio hoja ya Kima, kukataa kwake kwenyewe. Steere aliupa usimulizi huo kichwa hicho cha hadithi ya ndani. Lang akauhamishia moyo wa kima, na msisitizo ukahama nao.

Muundo huo umo katika Panchatantra ya Kihindi na katika Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa', ya karne ya 8. Anayemfuta punda, basi, hamfuti Steere. Anawafuta wasimulizi wa Unguja walioupokea urithi wa Bahari ya Hindi wakauotesha chini ya mkuyu.